Dalili, Dosari na Kasoro: Istilahi za Ukaguzi wa Viungio vya Feleji za Aina Mbili katika Ukanda wa Gesi wa Lindi

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza istilahi za Kiswahili zinazohusu ugunduzi wa kasoro katika viungio vya chuma vilivyochomelewa, hasa viungio vinavyokutanisha feleji za aina mbili. Mazingira yanayozingatiwa ni mkoa wa Lindi, kuanzia Kilwa hadi Mtama, kwa kuwa katika muda wa nusu karne hivi nchi hii ya korosho, ufuta na muhogo imekuwa pia njia ya gesi asilia. Gesi iligunduliwa Songo Songo mwaka 1974, na Mnazi Bay mkoani Mtwara mwaka 1982. Bomba la kwanza, litokalo Songo Songo hadi Dar es Salaam, lilianza kusafirisha gesi mwaka 2004. La pili, lenye kipenyo cha inchi 36, lilijengwa kutoka Mtwara kati ya mwaka 2012 na 2015. Hukatiza mkoa wa Lindi na kufika Somanga Fungu wilayani Kilwa, ambako hupokea tawi litokalo Songo Songo.

Mabomba ya namna hii huunganishwa kwa vipande ambavyo kwa kawaida huwa na urefu wa mita 12 hivi. Kwa hesabu hiyo kila kilomita moja ina viungio zaidi ya 80, na usalama wa bomba zima ni usalama wa kiungio kilicho dhaifu kuliko vyote. Hata hivyo lugha ya kukizungumzia kiungio hicho imegawanyika. Kijana wa Mtama anayejifunza kuchomelea hufundishwa kwa Kiswahili kilichochanganyika na maneno ya Kiingereza. Akifika penye mtambo hukuta fomu ya ukaguzi ya Kiingereza kitupu. Na mwanakijiji ambaye bomba limepita kando ya shamba lake, akitaka kujua kama lilikaguliwa na nini kilionekana, hujibiwa kwa maneno ambayo mfasiri ameyabuni papo hapo.

Hoja ya msingi ya makala haya ni kwamba upungufu wa Kiswahili katika uwanja huu hauko mahali ambapo kwa kawaida hudhaniwa uko. Majina ya kasoro yapo, na mengi ni ya zamani. Upungufu mkubwa uko kwenye ncha mbili: katika majina ya feleji zenyewe, na katika sentensi ambayo mkaguzi huitumia kutoa hukumu.

2.0 Pua, Feleji na Stenlesi

Kamusi ya Johnson (1939) inalitaja neno pua, pamoja na fungu la maneno chuma cha pua, kwa maana ya chuma kigumu cha kufulia zana. Feleji inatajwa kuwa chuma bora zaidi cha jamii hiyo, hasa kile cha panga. Kwa mahitaji ya mhunzi na mnunuzi wa upanga tofauti hiyo ilitosha, kwani kilichotakiwa kujulikana kilikuwa ubora na ukali wa makali.

Leo chuma cha pua kinabebeshwa mizigo miwili. Katika maandishi ya shule na ya habari humaanisha feleji yoyote, yaani chuma kilichochanganywa na kiasi kidogo cha kaboni. Katika maduka na matangazo ya vyombo vya nyumbani fungu hilohilo humaanisha chuma kisichoshika kutu, ambacho mafundi na wauza sufuria hukiita stenlesi. Kwa mazungumzo ya jikoni utata huu hauna madhara. Lakini itazamwe sentensi hii: “Bomba la chuma cha pua limechomelewa kwenye bomba la chuma cha pua.” Msomaji hawezi kujua kama anaambiwa habari ya kiungio cha kawaida au habari ya kiungio chenye matatizo makubwa kuliko vyote katika ukaguzi. Sentensi ni sahihi kisarufi, na haina faida yoyote kwa mkaguzi.

Tofauti inayofichwa na utata huo inapimika. Feleji ya kawaida ya ujenzi huwa na kaboni isiyofikia asilimia 0.3. Feleji isiyoshika kutu lazima iwe na kromi isiyopungua asilimia 10.5, na ile inayotumika zaidi ina kromi asilimia 18 hivi na nikeli asilimia 8 hivi. Zikipashwa joto kwa nyuzi 100 za Selsiasi, mita moja ya feleji ya kawaida hurefuka kwa milimita 1.2 hivi, na mita moja ya feleji yenye kromi na nikeli hurefuka kwa milimita 1.7 hivi. Zikichomelewa pamoja, kila mtambo unapopata moto na kupoa moja huvuta na nyingine hukataa. Aidha, katika joto kali la muda mrefu kaboni huhama kutoka feleji ya kawaida kuelekea kwenye kromi, ikiacha nyuma ukanda laini na kujenga mbele ukanda mgumu. Kiungio cha aina mbili, kwa maneno mengine, huendelea kubadilika baada ya fundi kuondoka.

Viungio vya namna hii si habari ya mbali kwa Lindi. Mitambo ya kusafishia gesi kwa jumla hutumia feleji ya kawaida penye gesi kavu, na feleji yenye kromi penye maji na kabonidayoksaidi vinavyokula chuma. Mradi wa kusindika gesi kuwa kimiminika, ambao eneo lake limepangwa kuwa Likong’o karibu na mji wa Lindi, utahusu gesi iliyopoozwa hadi nyuzi 162 chini ya sifuri. Katika baridi hiyo feleji ya kawaida huvunjika kama kigae; hutumika feleji yenye nikeli nyingi au yenye kromi na nikeli, na lazima pawepo mahali ambapo feleji hizo zinakutana na ile ya kawaida, kwa kuchomelewa au kwa kufungwa bolti. Hata katika karakana za kando ya barabara ya kwenda Masasi fundi huletewa tangi la stenlesi lililokatika mguu wa chuma. Akilichomelea kwa rodi ya kawaida, mshono unaopatikana huwa mgumu sana na mwepesi wa kupasuka. Fundi mzoefu hulijua jambo hilo kwa hasara aliyokwisha kuipata. Mwanafunzi wake hana neno la kulijua kabla ya hasara.

Inapendekezwa kwamba feleji liwe neno la jumla, kwa kuwa halina utata na viungo vya mwili wala na bidhaa za dukani, na aina zitajwe kwa elementi zinazozitofautisha: feleji kaboni, feleji kromi, feleji kromi-nikeli, feleji nikeli. Wapo watakaopenda feleji isiyoshika kutu kwa kuwa inaeleweka papo hapo. Kwa mnunuzi wa sufuria inafaa. Kwa mkaguzi inapotosha, kwa sababu feleji kromi yenye kromi asilimia 13 haishiki kutu kwa urahisi na bado huvutwa na sumaku, ilhali feleji kromi-nikeli ya kawaida haivutwi. Kwake sifa inayotakiwa kutajwa ni ile inayobadili namna ya kupima, na kutu si sifa hiyo. Mafundi wa mitaani wameligundua jambo hili bila kamusi: mtu akiletewa kipande asichokijua, hukigusisha sumaku kwanza.

3.0 Dalili, Dosari na Kasoro

Katika Kiswahili cha kawaida maneno kasoro, dosari, hitilafu na ila hubadilishana nafasi bila shida. Uhandisi hauwezi kuvumilia ubadilishanaji huo, kwa kuwa kati ya kinachoonekana kwenye chombo cha kupimia na uamuzi wa kukata bomba kuna hatua tatu ambazo ni lazima zitofautishwe.

Hatua ya kwanza ni kile ambacho chombo kinaonyesha: mstari kwenye kioo, doa kwenye picha, alama nyekundu kwenye chokaa. Hicho kinafaa kuitwa dalili, kwa maana ileile ya tabibu. Dalili ya homa si ugonjwa, na yaweza kutokana na jambo lisilo la hatari. Hatua ya pili ni kuthibitisha kwamba kweli ndani ya chuma pana kitu kisichotakiwa kuwepo. Hapo dosari linafaa, yaani doa au waa, bila kusema kama doa hilo lina uzito gani. Hatua ya tatu ni kuilinganisha dosari na kiwango kilichokubaliwa na kuamua kwamba imevuka mpaka.

Kwa hatua hii ya tatu kasoro ndilo neno linalostahili, na ushahidi uko ndani ya lugha yenyewe. Mswahili husema saa mbili kasoro dakika tano na saa tatu kasorobo. Kasoro ni kipunguo kinachohesabiwa kutoka kwenye kipimo kinachojulikana. Pasipo saa tatu hakuna kasorobo. Vivyo hivyo, pasipo kiwango hakuna kasoro. Kuna dosari tu. Ni nadra istilahi ya kihandisi kukuta mantiki yake imekwisha tayarishwa katika usemi wa kutaja saa, na ingekuwa uzembe kuiacha fursa hiyo kwa kutumia kasoro kwa kila kitu.

Umuhimu wa mgawanyo huu waonekana katika viwango vyenyewe. Kiwango cha Taasisi ya Petroli ya Marekani nambari 1104, ambacho hutumika sana kwa mabomba, huruhusu vitundu na mavi ya chuma vya kiasi fulani. Lakini ufa hakiruhusu, isipokuwa ufa usio na kina ulio katika kijishimo cha mwisho wa mshono na usiozidi milimita 4 kwa urefu. Kwa hiyo kitundu ni dosari ambayo huenda isiwe kasoro, na ufa ni dosari ambayo karibu kila mara ni kasoro. Mfasiri anayeandika “kasoro ndogo zilionekana” kwa vitundu vilivyoruhusiwa huwatia watu hofu bure. Anayeandika maneno hayohayo kwa ufa huwapa amani isiyokuwepo.

4.0 Majina ya Dosari

Kwa dosari zenyewe Kiswahili hakina haja ya kukopa sana. Tendo lenyewe ni kuchomelea. Kulehemu, lenye asili ya Kiarabu, lina historia ndefu ya kuhusishwa na kuunga kwa bati na risasi, na ingefaa libaki huko: katika kulehemu chuma kinachoungwa hakiyeyuki, na katika kuchomelea huyeyuka. Tofauti hiyo ndiyo chanzo cha matatizo yote yanayojadiliwa hapa. Chuma kilichoyeyuka kikaganda kati ya vipande viwili chaweza kuitwa mshono, na vipande viwili pamoja na mshono wao viitwe kiungio. Neno mshono halina ugeni katika pwani ambayo mitepe yake ilishonwa kwa kamba za minazi bila msumari hata mmoja.

Ufa hauhitaji mjadala. Vitundu vinavyotokana na hewa iliyonaswa huitwa vitundu. Uchafu unaobaki baada ya chuma kuyeyuka una jina ambalo kamusi zimelihifadhi tangu zamani: mavi ya chuma. Ndilo neno la wahunzi, na ndiyo mabaki ambayo wanaakiolojia hutegemea kutambua mahali palipofuliwa chuma, iwe pwani au katika nchi ya Wahaya, ambako Peter Schmidt na Donald Avery walieleza mwaka 1978 juu ya ufuaji wa feleji kaboni wa zamani sana. Wapo watakaoona haya kuliandika neno hili katika ripoti na kutaka liwe takamadini. Haya hiyo haina msingi. Neno linaeleza kwa usahihi kitu kilichotolewa na chuma wakati wa kupikwa, na kila fundi hulielewa.

Dosari mbili zinahitaji nomino kwa sababu karakana inazo kwa umbo la kitenzi tu. Mshono ambao haukuyeyuka pamoja na ukuta wa bomba husemwa kuwa haujashika. Ule ambao haukufika chini husemwa kuwa haujazama. Kwa unyambuaji wa kawaida zapatikana kutoshika na kutozama, na hazihitaji kitu zaidi. Mtaro mwembamba unaoachwa pembeni mwa mshono, pale ambapo chuma kimeliwa na moto, waweza kuitwa mlo wa pembeni. Hata hivyo mtaro wa pembeni unaeleweka upesi zaidi na hauchekeshi.

Ufa mmoja unastahili jina la pekee. Haidrojeni itokayo kwenye unyevu huingia katika mshono ulioyeyuka na baadaye hukusanyika penye ugumu. Ufa huzaliwa saa nyingi baada ya kazi kwisha, wakati mwingine siku ya pili. Ndiyo maana taratibu nyingi hutaka feleji za aina hiyo zikaguliwe baada ya saa 48. Katika hewa yenye unyevu ya mwambao wa Lindi, rodi zilizolala wazi bila kukaushwa ni chanzo cha kutosha. Inapendekezwa ufa uliochelewa. Kiungio kilichopita leo asubuhi, kikipimwa kwa uaminifu wote, kinaweza kuwa na ufa kesho jioni, na aliyekipima hakusema uongo.

5.0 Njia za Kugundua na Namna Kiungio cha Aina Mbili Kinavyodanganya

Upimaji usioharibu ni jina la jumla la njia za kutazama ndani ya chuma bila kukikata. Kimsingi si wazo geni: mnunuzi wa chungu hukigonga kwa kidole akasikiliza, kwani chungu chenye ufa hakilii. Karakana za zamani zilipaka chokaa upande mmoja wa mshono na mafuta ya taa upande wa pili, kisha zikangojea doa. Rangi penyezi ya viwandani ni ndugu wa mbinu hiyo. Hufanya kazi juu ya feleji zote, lakini huona nyufa zilizofika juu tu.

Unga wa sumaku hukusanyika penye ufa kwa sababu ufa huvunja mkondo wa sumaku. Juu ya feleji kromi-nikeli njia hii haifanyi kazi. Juu ya kiungio cha aina mbili hufanya jambo baya zaidi: mpaka kati ya feleji inayovutwa na isiyovutwa huvunja mkondo huo wenyewe, na unga hujipanga mstari mzuri ulionyooka mahali pasipo na ufa wowote. Hii ni dalili isiyo na dosari, na ni mfano unaotosha kuthibitisha haja ya mgawanyo wa sehemu ya 3.0.

Miale ya eksirei au ya gama hupenya chuma na kuacha picha kwenye filamu. Vitundu na mavi ya chuma huonekana vizuri. Ufa mwembamba usiolingana na mwelekeo wa miale waweza kupotea kabisa. Chanzo cha miale kinachotumika sana shambani ni iridiamu-192, ambayo nguvu yake hupungua kwa nusu kila baada ya siku 74 hivi, na matumizi yake nchini husimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania. Hapa pana tatizo la lugha lenye hatari ya mwili. Usemi kupiga picha ni mwepesi na umezoeleka. Mwanakijiji akiambiwa kwamba mafundi wanapiga picha bomba hana sababu ya kusogea, na mtoto ana sababu ya kukaribia. Istilahi inayofaa ni upigaji miale, ili hatari itajwe na kitenzi chenyewe.

Ultrasaundi hupeleka sauti isiyosikika ndani ya chuma na kungojea mwangwi. Mwangwi ni neno kamili kwa dhana hii. Katika feleji kaboni, punje za chuma ni ndogo na zimejipanga bila mwelekeo mmoja. Sauti yenye mitetemo ya megahezi 2 hadi 5 hupita kwa unyoofu na hurudi kutoka penye ufa. Katika mshono wa feleji kromi-nikeli, punje hukua ndefu na nene, zikiwa zimeelekea upande uliopoa mwisho. Sauti ikiingia humo hupinda, hutawanyika, na hurudisha miangwi mingi midogo kutoka kwenye punje zenyewe. Mfano wa shambani unasaidia: mtu atupaye jiwe juu ya uwanja mtupu anajua litaangukia wapi; akilitupa ndani ya shamba la mtama uliokomaa, husikia mabua mengi na hajui jiwe limesimama wapi. Wakaguzi hupunguza mitetemo hadi megahezi 1 au 2, na hutumia mawimbi ya kusukumana badala ya mawimbi ya kukata, ambayo hupinda zaidi. Hata hivyo ufa ulio upande wa pili wa mshono waweza kukaa kimya.

Ukimya huo umekwisha kuonekana. Oktoba 2000, katika kituo cha nyuklia cha V.C. Summer jimboni South Carolina, Marekani, wafanyakazi walikuta sakafuni rundo la unga mweupe wa asidi ya boriki. Ulitokana na maji yaliyovuja kupitia ufa uliotoboa mshono unaounganisha mdomo wa feleji yenye aloi kidogo na bomba la feleji kromi-nikeli. Ukaguzi wa ultrasaundi uliotangulia ulikuwa haujauripoti. Chombo kilichougundua ufa huo kilikuwa jicho la mtu aliyepita na taa.

6.0 Sentensi ya Mkaguzi

Vitenzi vitatu vinahitaji kutenganishwa katika ripoti. Kugundua ni kujua kwamba kitu kipo. Kubainisha ni kujua ni kitu gani. Kupima ni kujua ukubwa na kina chake. Njia moja yaweza kutosha kwa kitenzi cha kwanza na isitoshe kwa kile cha tatu, na kwa ufa kina ndicho kinachoamua muda uliobaki. Kwa sasa ukaguzi na upimaji hutumika kwa vyote vitatu, na msomaji wa ripoti hubaki akidhani kwamba kilichogunduliwa kimepimwa.

Jambo zito zaidi ni ukanushi. Sentensi “Kiungio hakina kasoro” na sentensi “Kasoro haikuonekana” hutumiwa kana kwamba ni moja. Ya kwanza inahukumu chuma. Ya pili inahukumu ukaguzi. Kwa kiungio cha feleji kaboni pande zote mbili, umbali kati ya sentensi hizo ni mdogo. Kwa kiungio cha aina mbili ni mkubwa kiasi kwamba kuandika ya kwanza ni kudai ujuzi ambao hakuna chombo kilichoutoa. Kiswahili kina njia nyepesi ya kuuweka mpaka huo, kwa kutumia kauli ya kutendeka na kutaja njia, upande na wakati. Fomu ya Kiswahili ya viungio vya aina mbili ingeweza kuanza hivi: “Kiungio cha feleji kaboni na feleji kromi-nikeli. Kimepimwa kwa ultrasaundi kutoka upande wa feleji kaboni tu, saa 48 baada ya kuchomelewa. Dalili mbili zimeonekana. Moja imebainishwa kuwa mwangwi wa punje, moja haijabainishwa. Upande wa feleji kromi-nikeli haujapimwa.”